Neno la Mhariri: Wino na Jino

Aghalabu neno la mhariri katika jarida hili huanza na mvua, au na bei ya mpunga wa bonde la Rukwa, au na hali ya barabara ya Inyonga. Na wasomaji wetu wa Mpanda, wa Karema na wa Majimoto, pamoja na wale walio mbali ambao nyoyo zao bado zimefungwa huku, wameizoea ada hiyo. Toleo hili tumeliweka wakfu kwa habari ya magendo ya pembe za ndovu, nami naomba saburi yao, kwa maana nitaanza mbali na mbuga ya Katavi, katika vilima vya watengenezaji wino wa Uchina ya kale, kisha nirudi polepole hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Aliyenipeleka huko ni mzee mmoja wa Ukonongo. Alifika ofisini petu msimu wa asali uliopita, akiwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kamba ya gome la mti, na ndani ya kopo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kwa mikono na kwa moshi hata ikawa kama kitambaa. Aliketi, akapumzika, akauliza hali za watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja, ndipo akanieleza kuwa baba yake, aliyekwisha kufariki, alipata kufungwa kwa ajili ya pembe moja, na kwamba karatasi ile ndiyo iliyobaki katika mirathi yake. “Mwanangu,” akasema, “mimi sikusoma. Nisomee hii, uniambie: baba yangu alikuwa mwindaji, au alikuwa mwizi?” Ilikuwa hati ya kumiliki gobore. Muhuri wake ulikuwa umegeuka duara la rangi ya kahawia lisilo na herufi, na mahali pa mwaka wino ulikuwa umeliwa na unyevu. Nilimsomea yaliyosomeka. Bunduki iliruhusiwa, mnyama hakutajwa. Alinitazama kitambo, akasema, “Basi haijasema,” akaikunja tena karatasi yake mara nne.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafakari kwamba habari za ujangili tumezisimulia miaka yote kama habari za bunduki, ilhali bunduki kazi yake ni kumwangusha ndovu tu. Jino lililolala juu ya majani ya Katavi halijawa bidhaa bado, wala halijawa haramu au halali, mpaka mtu mwenye kalamu aandike neno juu yake au dhidi yake. Na aghalabu mtu huyo hajapata kukanyaga miombo yetu, wala hajui mlio wa tembo usiku. Magendo huzaliwa kalamuni. Hilo ndilo nitakalolitetea katika kurasa hizi, na kwa kuwa dai kama hili huonekana geni likisemwa juu ya jambo la nyumbani, nitalithibitisha kwanza kwa mfano wa watu ambao wino ulikuwa ndiyo kazi ya mikono yao.

Huizhou ni nchi ya milima kusini mwa mkoa wa Anhui, yenye misonobari mingi na ardhi haba ya kulima, na kwa sababu hiyo watu wake walijulikana katika Uchina nzima kwa mambo mawili, biashara na wino. Wino wao haukuwa maji ya chupa kama tunavyoujua sisi. Ulikuwa kipande kigumu cheusi, ambacho mwandishi alikisaga juu ya jiwe kwa matone ya maji kila alipotaka kuandika. Na ili kukipata kipande hicho watu walichoma kuni za msonobari, au mafuta ya mimea katika vitaa vidogo, wakakusanya masizi yaliyoganda juu, wakayachuja, wakayakanda kwa gundi iliyotokana na ngozi za wanyama, na kwa wino wa thamani wakatia miski, kisha wakatwanga na kutwanga, wakashindilia katika kalibu za mti zilizochongwa picha, wakaanika taratibu mahali pasipopigwa na jua. Watu wa pwani yetu hawataliona jambo hili kuwa la ajabu, maana wanakili wa misahafu wa Siyu waliupamba mwandiko wao kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na mpaka leo kuna wagonjwa wanaoandikiwa kombe kwa zafarani, likaoshwa, likanywewa kwa itikadi ya shifaa. Pale ambapo wino hupewa heshima ya namna hiyo, anayeutengeneza naye hupata jina, na jina huleta uhasidi.

Katika zama za mfalme Jiajing wa nasaba ya Ming, aliyetawala tangu 1521 hadi 1567, mtengenezaji wino aliyesifiwa sana alikuwa Luo Longwen, mzaliwa wa wilaya ya She katika Huizhou. Wilaya hiyo hiyo ndiyo iliyomzaa Wang Zhi, mkuu wa wafanya magendo wa bahari ya mashariki, na mkutano huu wa wino na magendo katika udongo mmoja ndio ulionivuta. Mwanzilishi wa nasaba hiyo alikuwa amewakataza raia wake kufanya biashara ya baharini tangu 1371. Amri ikaandikwa, ikarudiwa na warithi wake, na watu wa pwani ambao baba zao walikuwa wachuuzi wakaamka siku moja wakiwa wahalifu, bila ya wao kubadili chombo, tanga wala shehena. Wang Zhi aliukusanya umma huo. Alifanya biashara na Japani, akapigana na majeshi ya dola, na mara kwa mara akaomba jambo moja, kwamba biashara ifunguliwe. Hu Zongxian, liwali mkuu wa vita vya pwani, naye pia mtu wa Huizhou, akamvuta kwa ahadi ya msamaha. Wang Zhi akajisalimisha mwaka 1557, akawekwa kizuizini, na mwanzoni mwa 1560 akakatwa kichwa. Mwaka 1567 dola ikaifungua bandari ya Yuegang kwa vibali, ingawa njia ya Japani ilibaki imefungwa. Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Katika muda wa miaka 7 tendo lililomuua mtu likawa tendo linalolipiwa ushuru, na kilichobadilika kati ya siku ile na siku hii kilikuwa maandishi.

Luo Longwen, fundi wetu wa wino, alimtumikia huyo Hu Zongxian katika mazungumzo na maharamia, na kwa njia hiyo akajuana na wakubwa. Akauacha ufundi wake na kushikamana na Yan Shifan, mwana wa waziri mkuu Yan Song, ambaye nyumba yake ilikuwa mlango wa rushwa wa dola nzima. Nyumba hiyo ilipoanguka mwaka 1562 Luo naye alihukumiwa uhamisho, akatoroka akarudi kwao. Kisha ikaja hati ya mashitaka. Tarikh za Ming zasimulia kwamba maafisa walioiandika walitaka kumshitaki Yan Shifan kwa dhuluma zake za kweli, kwa watu wema aliowasababishia mauti. Lakini waziri Xu Jie aliisoma rasimu yao akawaonya kwamba dhuluma zile zilitendwa kwa idhini ya mfalme mwenyewe, na kuzitaja ni kumlaumu mfalme. Akaiandika upya. Akayaondoa yaliyokuwa kweli na mazito, akatia njama na maharamia wa Japani, akijua kuwa neno hilo moja litamghadhibisha mfalme kuliko mengine yote. Mwaka 1565 Yan Shifan na Luo Longwen wakauawa pamoja. Mimi sina shaka kwamba Luo alikuwa mtu mwenye tamaa, wala simlilii. Bali nasema kwamba alikufa kwa shitaka lililochaguliwa kwa kuwa lilifaa, na ithibati zilitafutwa nyuma yake.

Kizazi kilichofuata cha mafundi wa She kiliurithi ugomvi katika ufundi wenyewe. Fang Yulu alijifunza na kusaidiwa katika karakana ya Cheng Dayue, kisha akajitenga naye, na mwaka 1588 akachapisha kitabu cha picha za kalibu zake, zaidi ya 380. Cheng alijibu kwa kitabu kikubwa zaidi, kilichotoka yapata mwaka 1606, chenye picha zaidi ya 500, na ndani yake akatia hadithi ya mbwamwitu asiye na shukrani aliyetaka kumla mtu aliyemwokoa, ili kila asomaye ajue Fang ni nani. Cheng alikuwa amepata kufungwa, naye aliamini kuwa mkono wa Fang ulihusika. Ukweli wa kifungo kile umefunikwa na vitabu vile viwili, kila kimoja kikiwa shahidi wa mwenyewe. Bali mafundi wengine wa wilaya ile, waliokuwa na kalibu zao na uchungu wao na hawakuwa na fedha ya kuchapa kitabu, wametoweka kama moshi wa kuni zao.

Sasa nirudi kwetu. Kabla ya dola yoyote kutoka ng'ambo kuandika sheria juu ya tembo wa nchi hii, palikuwa na sheria isiyoandikwa, iliyojulikana kwa watemi wengi wa magharibi: ndovu akianguka, jino lililogusa ardhi lilikuwa la mtemi, na la pili lilikuwa la mwindaji. Ilikuwa sheria yenye dhuluma zake, maana mtemi naye ni mwanadamu, lakini kila mtu aliijua na hapana aliyehitaji kusomewa. Pembe zile zikabebwa na Wakonongo na Wanyamwezi kwenda Tabora na pwani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na twamshukuru kwa hilo. Waliobeba mabegani mwao mali aliyoisimulia hawana kitabu. Mwaka 1896 gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyotaka kila anayemwinda tembo awe na leseni ya kulipiwa. Kalamu ilipowekwa chini mezani Dar es Salaam, mtu wa Mpimbwe huku kwetu aliyekuwa fundi wa kuwinda, mwenye dawa zake na miiko yake na heshima yake kijijini, alikuwa amekwisha kuwa jangili, naye hakujua.

Sisemi kwamba tembo asingelindwa. Nasema hili kwa sauti, kwa sababu wako watakaoyasoma maneno haya kama utetezi wa bunduki, na mimi ni mtu niliyekua nikiamini kuwa mbuga ya Katavi, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hata ikafikia kilomita za mraba 4,471, ni amana ambayo hatuna haki ya kuikhini. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009, na hesabu ya mwaka 2014 ikawakuta kama 43,000 tu. Mwenye moyo hawezi kuisoma tofauti ya namba hizo bila ya uchungu. Lakini ni nani aliyeufungua mlango? Hapo ndipo ninapotaka tutazame kwa makini, na mfano ulio wazi kuliko yote uko karibu nasi mno, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wa ziwa letu.

Mwaka 1985 nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea, ule uitwao CITES, zilikubaliana mjini Buenos Aires kuweka kiwango cha pembe ambacho kila nchi ingeruhusiwa kuuza, na kwamba kila jino ghafi litiwe alama: herufi mbili za nchi, mwaka, namba ya mfuatano na uzito wake, ama kwa kugongwa chuma ama kwa wino usiofutika. Nia ilikuwa njema. Ikabaki swali la pembe zilizokuwa zimerundikwa katika maghala ya nchi ambazo hazikuwa mkatabani, na jawabu lililochaguliwa lilikuwa kuziandikisha zote, ziwe zimetoka popote, ili hesabu ianze upya ikiwa safi. Burundi, nchi ambayo tembo wake wa porini hawakutosha kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, ikaandikisha kiasi cha tani 90. Singapore, kisiwa kisicho na tembo wa Afrika hata mmoja, ikaandikisha karibu tani 300. Tani 90 za Bujumbura zilitoka wapi? Zilitoka Zaire, zilitoka Tanzania, zilipita katika mapori na maji ambayo majirani zetu wa Ikola na Karema wanayajua kwa majina. Kila moja ya pembe hizo ilikuwa magendo jana yake. Wino usiofutika ulipokauka juu yake ikawa mali halali, bei yake ikapanda, na wenye maghala wakatajirika kwa usiku mmoja bila ya kuwinda hata sungura. Katika miaka hiyo hiyo magereza ya nchi yetu yaliwapokea watu kama baba wa mzee wa Ukonongo.

Na upande wa pili wa bahari? Hong Kong ilidai hati kwa pembe ghafi, lakini kwa miaka kadhaa haikuidai kwa pembe iliyochongwa. Basi familia chache za wafanyabiashara wa huko, zilizokuwa zikishindana vikali katika soko hilo, zilipeleka pembe kwenye karakana za Ghuba, zikakatwa kidogo na kuchorwa kidogo, kiasi cha kuziita zimechongwa, zikaingia nyumbani kwa salama. Naomba turudi kumkumbuka Fang na Cheng na kalibu zao: sanaa ya kweli ilikuwepo, mafundi hodari wa kuchonga walikuwepo, na ushindani wa nyumba kwa nyumba ndio ulioifanya sanaa hiyo kuwa pazia la hila. Mwaka 1989 akiba ya pembe iliyokuwa Hong Kong ilifikia kama tani 670. Mwaka huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara yote ipigwe marufuku, na mkutano wa Lausanne wa mwezi wa Oktoba ukakubali, huku nyumbani jeshi, polisi na askari wa wanyamapori wakiwa katika Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Lakini Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Hong Kong, iliiombea udhuru wa miezi sita ya kumaliza akiba yake, na udhuru huo nao uliandikwa, ukapigwa muhuri.

Yaliyofuata wasomaji wanayajua, nami nitayapita kwa haraka. Mwaka 2008 nchi nne za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuuza akiba zao kwa Uchina na Japani. Mwaka 2010 Tanzania iliomba mjini Doha kuuza takriban tani 90, ikakataliwa. Uchina ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Na mwezi wa Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 Yang Fenglan, mwanamke aliyefika nchini miaka ya 1970 akiwa mkalimani wa reli ya TAZARA, pamoja na Watanzania wawili, kwa magendo ya pembe za mamia ya tembo. Hukumu hiyo niliipokea kwa faraja. Ilikuwa mara adimu ambapo sheria ilipanda ngazi, ikaufikia mkono ulioshika daftari.

Jambo moja siwezi kulipita haraka, nalo ni la majina. Mwezi wa Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza ya kuwasaka majangili, na kabla mwezi wa pili haujatimia ikasimamishwa kwa malalamiko ya mateso na mauaji. Bunge likachunguza, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao mwezi wa Desemba. Katika vijiji vyetu nimesikia mara nyingi, kutoka kwa watu wasiojuana, maneno yanayofanana: kwamba ilipotafutwa orodha ya majangili, ugomvi wa zamani ulipata kalamu. Nyumba iliyogombania mzinga, shamba au bwawa la ng'ombe na nyumba jirani iliweza kulipeleka jina la jirani, na jina likiisha kuandikwa ni vigumu kulifuta. Hivyo ndivyo Xu Jie alivyofanya mbele ya mfalme, kwa hati nzuri zaidi. Mtu anayemchukia mwenziwe hutafuta shitaka ambalo wakati unalitaka, na wakati ule ulitaka majangili kama vile Beijing ya 1565 ilivyotaka maharamia.

Kwa sababu hiyo toleo hili halikupambwa kwa picha za mizoga. Msomaji atakuta humu makala juu ya Karema, tangu Mbelgiji Cambier alipojenga kituo chake mwaka 1879 na Mapadre Weupe walipokipokea mwaka 1885 hadi bandari ya leo inayotazamana na Kalemie, na nini kilichopita katika maji hayo kwa hati na bila ya hati. Atakuta mazungumzo marefu na askari wa wanyamapori mstaafu, anayeeleza jinsi hati moja ya kusafirishia magogo ya mninga inavyoweza kubeba mizigo mitatu, maana wino wa tarehe husubiri kuandikwa mpaka lori likaribie kizuizi. Atakuta pia habari ya gobore na waliolifua, iliyoandikwa na mwalimu wa sekondari ambaye amezunguka Mpimbwe kwa baiskeli likizo mbili mfululizo, nami nadhani ndiyo makala bora ya toleo zima.

Tunalo ombi pia. Katika makopo, katika masanduku ya bati, chini ya magodoro na ndani ya vitabu vya sala, mkoa huu umehifadhi hati ambazo hapana ofisi inayozikumbuka: leseni za bunduki, stakabadhi za faini, vibali vya kuwinda, barua za kufungwa na za kuachiwa. Tunaomba mtuletee. Karatasi haitalala kwetu hata usiku mmoja; itapigwa picha mbele ya macho ya mwenyewe, itasomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na itarudishwa mkononi mwake siku ile ile, na jina halitachapwa ila kwa ridhaa. Zitakapofika za kutosha tutaziweka pamoja na kuzichapa kwa mpango wa miaka, ili mjukuu wa aliyefungwa aweze kulinganisha siku ambayo babu yake aliingia jela na siku ambayo pembe za maghala ziliandikwa kuwa halali.

Ya mzee wa Ukonongo ndiyo ya kwanza, nayo iko ukurasa wa 9. Alirudi mwenyewe baada ya mavuno kutupa idhini, akiwa na kopo lile lile, akakaa mpaka picha ilipokwisha kupigwa. Mahali pa mwaka tumepaacha wazi.